Kusikia, kusikiliza, kusikilizana: undugu katika nyumba ya luga nyingi



Tumezoea kuandika juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya majina ya watoto na miiko ya wazee wetu. Mara hii tunapenda kusema juu ya nyumba yenye haina mahari wala watoto wa kuzaa, lakini watu wake wanaitana ndugu: jumuia ya watawa. Mutu atauliza: hiyo nayo ni desturi? Tunajibu: ndiyo, na tena ni desturi yenye inatuhukumu sisi wote. Ndugu wa tumbo moja hatumuchagui, damu ndiyo inamuleta. Lakini mutawa anafika na sanduku lake katika nyumba yenye hakuchagua, anakuta watu wenye hakuchagua, wenye luga zenye hasikii, na siku ile ile anaambiwa: hawa ndio ndugu zako. Basi swali letu ni hili. Undugu wenye hautoki katika damu unatoka wapi? Na unaweza kusimama namna gani, siku yenye damu inaanza kuita kila mutu kwao?

1. Masista 8, luga 8

Sisi tuko mwalimu wa sekondari hapa Bukavu, tulisoma ISP, na kwa miaka zaidi ya 20 tunafundisha luga. Masista wa nyumba moja ya muji wetu walituomba tuwafundishe wageni wao Kiswahili, mara mbili kwa juma, saa kumi na moja ya jioni. Mule ndani tulikuta masista 8: Mushi, Murega, Munande, Muluba wa Kasai, Munyarwanda, mumoja wa Meksiko, mumoja wa Polandi, na mukubwa wa nyumba aliyetoka Kerala, kule Uhindi. Masista 8 na luga za mama 8. Kwa sala na kwa barua walitumia Kifaransa. Sokoni Kadutu, Kiswahili. Jikoni, Mashi, kwani sista muzee mwenye kushika jiko ni Mushi, na wasichana wenye kumusaidia ni Bashi pia.

Wote walikuwa watu wazuri, na hawakugombana. Hapo ndipo tulikosea sisi wenyewe. Tuliona nyumba yenye haina makelele, tukasema: kweli, hapa kuna undugu. Ilitupasha kungoja miezi mingi ili tujue kwamba kimya kile kilikuwa cha watu wenye walichoka kujieleza.

Tutoe mifano, kwa sababu mambo haya yanaanza na vitu vidogo. Sista wa Polandi alikuwa akipita asubuhi katika ukumbi bila kusalimia mutu. Kwetu Bushi, na hata kwa makabila mengine ya hapa, mutu mwenye hakusalimii asubuhi ana kinyongo, ao anajiona kuwa mukubwa. Kumbe yeye alikomea katika nyumba yenye kimya cha usiku kilikuwa kitakatifu mpaka kiisha misa; kwake, kunyamaza asubuhi ni heshima kwa Mungu na kwa sala ya mwenzake. Miaka miwili walimuita mwenye kiburi, na hakuna mutu aliyemuuliza.

Mufano wa pili: sista kijana Murega. Mukubwa wa nyumba akimutuma, anajibu «ndiyo, Mama», na kazi haifanyike. Yule wa Kerala aliona hapo uongo. Lakini kwetu, «ndiyo» ya mutoto mbele ya mukubwa mara nyingi haisemi «nimekubali». Inasema «nimesikia sauti yako, sitakujibu vibaya mbele ya watu». Kazi yenyewe ilikuwa na tatizo lake, na tatizo lile halikupata mulango wa kutokea.

Mufano wa tatu ni wetu. Sista wa Meksiko alikuwa akitafuta maneno pole pole katika somo. Sisi, kwa kumusaidia, tulikuwa tunamumalizia. Akisema «Jana nili…», tunamalizia «nilienda sokoni». Siku moja akafunga daftari lake na kusema: «Mwalimu, kila siku munanimalizia maneno. Sasa sijui tena kama mawazo ni yangu ao ni yenu.» Tulisikia haya. Jana ile hakuenda sokoni hata kidogo. Alitaka kutuambia kwamba aliota baba yake.

2. Neno moja na watoto wake

Kiswahili chetu kina hazina katika jambo hili, tuiangalie. Kusikia ni neno pana sana. Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu. Tunamuuliza mugeni: «Unasikia Kiswahili?», ni kusema, unakifahamu? Na mutoto mwenye «hasikii» si kiziwi. Ni mutoto mwenye hatii. Ndiyo maana wazee wanasema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Muangalie vizuri methali ile. Neno linatoka juu na kushuka chini. Mukubwa anasema, mudogo anasikia. Mukubwa naye anasikia la nani? Methali haisemi.

Kusikiliza ni hatua ya pili: kuweka sikio kwa kusudi. Lakini kusikiliza peke yake hakujakuwa undugu bado. Jaji anasikiliza, munganga anasikiliza, na mupelelezi pia anasikiliza, tena vizuri kupita wote.

Hatua ya tatu ni kusikilizana. Hapo neno linaenda na kurudi. Watu wenye wanasikilizana ni watu wenye wanapatana, na matunda yake tunayaita masikilizano. Kiswahili kinatufundisha hivi bila kitabu cha filozofia: mapatano ya kweli yanazaliwa katika sikio la pande mbili. Mapatano yenye mutu mumoja tu alisikia, yule mwingine akasema, ni amri yenye imevaa nguo ya mapatano.

Je, mila zetu zilijua hatua hii ya tatu? Zilijua kwa sehemu. Katika baraza za wazee, mwenye neno alilisema mpaka mwisho na hakuna mutu wa kumukata neno mudomoni. Muzee mwenye kuheshimiwa alisema nyuma ya wengine. Banande walikuwa na kyaghanda yao, fasi ya kukutana na kumaliza mambo. Warundi wana bushingantahe, na mushingantahe anajulikana kwa kupima neno mbele ya kulitoa. Hiyo ni shule kubwa. Lakini tuseme ukweli wote. Katika baraza nyingi mwanamuke alisema kupitia mwanaume, kijana alikuja kusikia tu, na mugeni alikaa karibu na mulango. Wazee walituachia ufundi wa kusikiliza. Walituachia pia swali la nani ana haki ya kusikilizwa.

3. Kanisa nalo lilianza na manunguniko

Wengine wanawaza kwamba jumuia za kikristo za kwanza zilikuwa za malaika. Wasome tena Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kule Yerusalemu, Wayahudi wenye kusema Kigiriki walinungunika kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Ni neno la luga na la sahani, kabisa sawa jikoni kwetu. Mitume walifanya nini? Hawakusema: mukae kimya, sisi sote tuko ndugu. Waliita mukutano wa wanafunzi wote, manunguniko yakasikilizwa, na watu 7 wakachaguliwa kwa kazi ile. Majina yao yote 7, tangu Stefano mpaka Nikolao, ni ya Kigiriki. Ni kusema, sahani iliwekwa katika mikono ya upande wenye ulikuwa unalia.

Tuangalie na Pentekoste, sura ya 2. Kila mutu alisikia katika luga yake mwenyewe. Roho hakuwalazimisha Waparti na Wamedi kujifunza kwanza Kigalilaya. Mwenye neno ndiye alitembea mpaka kwenye sikio la mwingine.

Benedikto, katika karne ya 6, alianza kanuni yake kwa neno «Sikiliza». Wengi wanajua hilo, lakini wanasahau sura ya 3. Pale anaagiza kwamba kukiwa jambo kubwa, abati aite ndugu wote, kwani mara nyingi Bwana anamuonyesha kijana lile lenye kufaa zaidi. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Wamisionere wa Afrika mwaka 1868, alitaka wakae angalau watatu pamoja na wajifunze luga ya watu wenye walitumwa kwao. Na mwaka 1994 Roma ilitoa andiko juu ya maisha ya kidugu katika jumuia za watawa, lenye linaonya wazi kwamba mawasiliano yakikosekana, undugu unapunguka.

Mwaka ule ule wa 1994, kuanzia mwezi wa 4, maaskofu wa Afrika walikutana Roma katika Sinodi, wakaliita Kanisa «Jamaa ya Mungu». Wakati walikuwa wakisema neno lile zuri, kule Rwanda wabatizwa walikuwa wakiuana, na watu walifia hata ndani ya makanisa. Sisi wa Bukavu hatuna haja ya kusimuliwa. Tuliona wakimbizi wakivuka Ruzizi. Tangu hapo kila mutu mwenye kusema «jamaa» katika nchi hizi anapashwa kueleza ni jamaa gani. Jamaa yenye inaimba pamoja siku ya yenga na kuogopana siku ya kazi haitoshi.

4. Na utii je?

Kuna neno moja la kujibu. Sista muzee alituambia siku moja: «Mwalimu, mukifundisha vijana kusemasema hivi, nani atatii tena? Sisi tulinyamaza, na tumefika hapa.» Hatupendi kumucheka, anasema neno lenye uzito. Mutawa aliweka nadiri ya utii, na nyumba yenye kila kitu kinaamuliwa kwa kelele ya wengi inaweza kuwa soko.

Lakini kanuni ya Benedikto inatuonyesha njia. Ndugu wote wanasikilizwa, kisha abati anaamua. Kusikilizwa si kushinda. Mutu anaweza kukubali kushindwa, akiisha kusikilizwa. Lenye halikubaliki ni kuonekana kama hakusema kitu. Tena, mukubwa mwenye hasikilizi haongozi watu, anaongoza «ndiyo, Mama» zao. Utii wenye haukutanguliwa na masikilizano ni adabu ya mudomo tu.

Tena si maneno yote ni mawasiliano. Kuna maneno ya kutupa sawa mawe. Kuna sista mwenye anasema «mimi ninasema ukweli wangu», na nyuma yake wengine wanaokota damu. Kutapika si kulisha. Kwa hiyo hatusemi kwamba dawa ya kimya kibaya ni maneno mengi. Dawa yake ni maneno yenye yanapokelewa, na kazi kubwa iko upande wa mwenye kupokea.

Hapa tunafika kwenye wazo letu lenyewe. Katika nyumba yenye luga nyingi, wote hawana deni sawa. Mwenye luga ya nyumba ndiye wa kwanza kupashwa kusikiliza. Mwenye kusema Kifaransa haraka katika mukutano, mwenye kusema Mashi jikoni, muzee mwenye kujua desturi zote za nyumba, mukubwa mwenye funguo: hao wana nguvu yenye hawaioni, kwani kila mutu haoni luga yake, sawa vile haoni pua yake. Mugeni yeye anaiona kila saa. Basi undugu unaanza siku yenye mwenye luga anapunguza mwendo na kukubali, kwa saa moja, kuwa maskini wa maneno.

5. Siku za alhamisi kwenye barza

Mukubwa wa nyumba alipata shauri. Kila alhamisi, kiisha kula, walikaa kwenye barza, viti katika duara, simu zote ndani ya kitunga mulangoni. Sharti lilikuwa moja. Mutu anasema mpaka mwisho. Mwenye kutaka kumujibu, mbele ya kujibu, anarudilia kwa Kiswahili lenye amesikia. Yule wa kwanza anasema «Ni vile» ao «Si vile». Akisema «Si vile», tunaanza tena. Walichagua Kiswahili kwa sababu si luga ya mama ya yeyote kati yao. Sisi tuliombwa kukaa karibu kwa kusaidia maneno, na majuma ya kwanza ilikuwa kazi ya kuchokesha. «Si vile» zilikuwa nyingi kuliko «Ni vile». Lakini ni pale salamu ya asubuhi ilielezwa, ni pale «ndiyo, Mama» ilifunguliwa. Sista wa Meksiko naye aliuliza kwa nini watu wanamuambia «pole» wakati hawakumukosea. Alifikiri nyumba nzima inamuomba musamaha kila siku.

Mwezi wa pili wa mwaka 2025 vita ikaingia mpaka ndani ya muji wetu. Kila mutu wa Bukavu anakumbuka siku zile, hatutazieleza. Katika nyumba ile, sista Munyarwanda alikuwa akipigiwa simu na mama yake kila usiku. Sauti ilipita katika ukuta. Kiisha juma moja, masahani yake yalianza kuachwa kwenye meza peke yake. Hakuna mutu aliyemutukana. Alianza kupanga sanduku.

Alhamisi ile sisi tulikuwa tumekaa kwenye kiti chetu, na tulitamani kutoroka. Kimya kilikaa sana. Kisha sista muzee wa jiko, mwenye alipoteza mutoto wa dada yake katika vita, akasema: «Kila mara nikisikia luga yako usiku, ninasikia risasi. Najua si kosa lako. Lakini sitaki kukaa na wewe kwenye meza na kudanganya.»

Kwa sharti la nyumba, sista Munyarwanda alipashwa kurudilia. Akarudilia neno kwa neno, machozi yakishuka, mpaka «sitaki kudanganya». Muzee akasema: «Ni vile.»

Kisha yeye naye akasema: «Mama yangu amezeeka. Hajui Kiswahili wala Kifaransa. Mukiniomba niache luga hii, munaniomba niache mama. Na yeye ananipigia simu usiku kwa kuuliza kama munaniua.»

Muzee alipashwa kurudilia, tena katika Kiswahili chake kigumu. Alipofika pale «niache mama», akashindwa. Tulitaka kumumalizia, sawa vile tulizoea. Tukakumbuka sista wa Meksiko, tukafunga mudomo. Ilikawia. Akalisema mwenyewe.

Wasomaji wasingoje hapa kukumbatiana. Hawakukumbatiana. Kila mutu alienda kulala. Siku mbili nyuma yake, muzee alimuuliza mwenzake jikoni: «Luga yenu, kusalimia mama mangaribi, wanasema namna gani?» Na usiku simu ilipolia, akasimama mulangoni mwa chumba na kusema kwa sauti: «Mwiriwe, mama.» Sanduku likafunguliwa. Masista walituruhusu kuandika hii, bila jina la mutu wala la nyumba.

6. Undugu wa siku kubwa unatengenezwa siku ndogo

Tunawakumbuka wanafunzi wa seminari ndogo ya Buta, kule Burundi. Tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 1997 waliamriwa kujitenga, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Walikataa, na 40 kati yao waliuawa. Walikuwa vijana wa sekondari, wa umri wa wanafunzi wetu. Na kwetu hapa Kivu ya Kusini, tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka 1964, watumishi wane wa Kanisa waliuawa Baraka na Fizi: Waxaveri watatu wa Italia, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na abe Albert Joubert, mutoto wa nchi hii, mwenye baba Mufransa na mama Mwafrika. Walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka 2024. Inasimuliwa kwamba padri Carrara, alipoona Faccin amekwisha kuuawa, alichagua kufa pale pale kando ya ndugu yake.

Mutu hapati moyo wa namna ile siku moja. Vijana wa Buta hawakujifunza undugu asubuhi ile ya risasi. Walikuwa nao tayari, waliupata kwenye meza, kwenye mupira, kwenye magomvi yenye yalielezwa mpaka mwisho. Mwenye hakumusikiliza mwenzake juu ya salamu na sahani, hatasimama kando yake siku ya bunduki.

Kwa kumaliza, turudi kwetu, kwani wasomaji wengi wa kurasa hizi si watawa. Sisi wenyewe, kwa miaka 20, tulisema katika darasa: «Nyamazeni, musikilize!» Tuliita kunyamaza kwao kusikiliza, na kusema kwetu kufundisha. Nyumbani pia tulifanya vile, mbele ya muke na watoto. Sasa, mbele ya kumujibu mwanafunzi, tunajaribu kurudilia lenye amesema. Mara nyingi anatujibu: «Si vile, Mwalimu.» Inapoteza wakati, na programu haimaliziki haraka. Lakini tumeona ni watoto gani walianza kunyosha mukono: wale wa makabila yenye si mengi katika darasa, wale wenye walikuwa wanakaa nyuma, karibu na mulango.